Mtoto Mbele ya Ungo wa Mboga



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni mboga ya jioni, tangu inapochumwa hata inapoingia chunguni. Najua kuna baba atakayesoma mstari huu wa kwanza akampa mkewe gazeti na kusema, "Haya ni yako, mama." Tafadhali, baba, usilitoe bado. Mahali pako nitafika, wala si mbali.

Pwani yetu hii, tangu Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, na kupanda Kiwangwa, Msata, Lugoba na Miono, haikunyimwa majani. Tuna mchicha, tembele, kisamvu, majani ya maboga na ya kunde, mlenda, mnavu, mchunga, na mlonge uliosimama uani mwaka mzima. Mengine twayapanda, mengine hujiotea pembeni mwa shamba mvua ikianza. Lakini mtume mtoto wa darasa la tano akachume mnavu, uone atarudi na nini. Mmoja ataleta majani ya pilipili. Mwingine atarudi mikono mitupu na kusema hakuna, naye ameukanyaga njiani.

Miezi michache iliyopita mvuvi mmoja alifika ofisini kwetu kuchukua cheti cha ubatizo cha mwanawe. Tukiwa twaandika, akasema mama watoto amelazwa hospitali, siku ya kumi na moja ile. Nikamwuliza watoto wanakulaje. Akajibu kwamba ana wavulana watatu, mkubwa ana miaka 13, nao husonga ugali wakala na chai ya rangi, au na dagaa siku akipata. "Na mboga je?" Akacheka kidogo. "Tembele limejaa mpaka mlangoni, karani. Lakini nani ataipika?" Watoto watatu wenye nguvu, wenye kisu, sufuria, moto na maji, wanazungukwa na chakula wasichojua kukifanya kiwe chakula. Hao si wajinga. Yule mkubwa ni wa pili katika darasa lake. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwita aketi chini, akamwekea ungo mbele yake.

Tuanze basi na huo ungo. Bibi mmoja wa upande wa Kiwangwa, ambako hulimwa mananasi, nilimkuta akichambua mchicha na mjukuu wake wa miaka saba. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mume wangu, njoo unisaidie, au wataka nikuache nitafute mume mwingine?" Mtoto akacheka akaketi. Bibi hakumfundisha kwa maneno mengi. Alichukua shina moja, akavunja sehemu laini ya juu, akatupa mguu mgumu, akatazama jani chini na juu, akaliweka. Mtoto akafanya vile vile. Akatia jani la nyasi, bibi akalitoa kimya akalitupia mbuzi. Akatia mchicha wa miiba, ukamchoma mwenyewe, bibi akasema tu, "Umeuona? Huo nao huliwa, ila uchumwe mchanga." Nikahesabu kimoyomoyo mambo aliyojifunza mtoto yule kwa robo saa: kutenganisha jani changa na kuukuu, kutambua tundu la mdudu, kugeuza jani atafute mayai ya wadudu upande wa chini, kujua kwamba vitu viwili vyaweza kufanana visiwe kimoja. Huko chuoni tulikosomea ualimu tuliambiwa kwamba kutofautisha ndio mwanzo wa kusoma, maana mtoto asiyeona tofauti ya jani na jani ataionaje tofauti ya b na d?

Si mabibi peke yao waliolijua hilo. Daktari Maria Montessori wa Italia alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma, mwaka 1907, katika mtaa wa maskini, aliwapa watoto wadogo kazi za kweli za nyumbani: kufua, kufagia, kuandaa meza na chakula. Tena aliwapa vyombo vya kweli vinavyovunjika, maana mtoto akipewa sahani isiyovunjika hatajifunza kuibeba. Njia yake imefika kwetu pia, na Dar es Salaam na Mtwara viko vyuo vinavyofundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia hiyo. Mimi huona ajabu kidogo kwamba mzazi hulipa ada mtoto wake akafundishwe shuleni kumimina maji na kupanga mbegu, kisha jioni akija jikoni afukuzwe: "Toka hapa, utaniharibia!"

Halafu kuna majina. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, alikusanya mimea ya pwani hii pamoja na majina ambayo wenyeji waliiita. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris mwaka 1939, nayo imejaa majina ya majani. Alikuwa Mfaransa, mgeni, naye aliona majina hayo yastahili kuandikwa. Wazee wa pwani walikuwa nayo kichwani. Watoto wetu nao? Wengi wana maneno mawili tu: "mchicha" na "majani". Jina likipotea, na jani lenyewe hupotea, maana hakuna anayechuma asichoweza kukitaja. Karibu na Arusha kuna kituo cha utafiti wa mboga, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kazi yake mojawapo ni kuhifadhi mbegu za mchicha, mnavu, nyanya chungu na mboga nyingine za Afrika. Ni jambo jema. Lakini mbegu iliyo katika barafu ya wataalamu haijui kupikwa. Anayejua ni bibi, na bibi hatadumu milele.

Na tukiwa hapo hapo mbele ya ungo, mwulize mtoto kila jani limetoka wapi. Muhogo na kiazi kitamu kwao ni Marekani ya Kusini. Wa kwanza uliletwa Afrika na Wareno. Boga nalo ni la upande huo. Mlonge umetoka Bara Hindi. Kunde ni ya Afrika hii hii. Hilo ni somo la jiografia lisilohitaji ramani, nami nimeona watoto wakilishika siku moja wasilisahau.

Sasa nifike kwenye kisamvu, na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana si mchezo.

Jani la muhogo lina sumu. Kila mama wa pwani anajua kwamba kisamvu hutwangwa sana na kuchemshwa sana, lakini ukimwuliza sababu atakujibu kwamba ndivyo kilivyo. Sababu ni hii. Ndani ya jani mna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali. Jani likipondwa hukutana, na kukutana kwao hutoa sumu iitwayo sianidi. Sumu hiyo ni nyepesi, hugeuka hewa upesi ikapaa. Basi mchi hufanya kazi ya kuitoa katika jani, na moto hufanya kazi ya kuipeleka nje. Aliyetwanga nusunusu ameiacha ndani ya jani. Aliyetwanga vizuri kisha akafunika sufuria tangu mwanzo, akapika kwa haraka, ameizuia isitoke. Watu wa jimbo la Pará huko Brazil, ambako ndiko kwao na muhogo, wana chakula chao cha majani hayo hayo, nao huyachemsha karibu juma zima kabla ya kuyala. Sisi hatuyachemshi juma zima, nasi twatumia kinu. Lakini twahitaji kinu kifanye kazi yake.

Msidhani ni hadithi ya kutisha watoto. Katika miaka ya 1980, wakati wa ukame, wilayani Tarime walitokea watu, wengi wao watoto na wanawake, ambao miguu yao ililemaa ghafula, wasiweze kutembea kama kwanza. Madaktari walitambua kwamba ni ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka Kongo, nao huwapata watu waliokula siku nyingi muhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, huku wakikosa chakula kingine cha kujenga mwili. Ule ulikuwa muhogo wenyewe, sio kisamvu. Lakini sumu ni ile ile. Watu wale walijua desturi ya kuuandaa. Njaa ndiyo iliyowafanya waifupishe.

Ndiyo maana nasema mtoto afundishwe pamoja na sababu. Aliyeambiwa "twanga" tu, siku akiwa na haraka atapunguza. Aliyeambiwa kwa nini, hatapunguza hata asipoonwa. Mpe mchi mdogo unaomfaa, atwange wewe ukitazama, akuulize kimekwisha au bado, nawe usimjibu. Mwambie ashike kwa vidole, asikie kama bado kuna vipande. Kisha kichemke sufuria ikiwa wazi mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Na asikiinamie chungu kuvuta mvuke wake. Mambo mengine mfano wa hayo yapo. Mchunga na mnavu huchemshwa, maji machungu yakamwagwa. Vitunda vya mnavu vikiwa vibichi haviliwi, wala mtoto asivichezee mdomoni.

Kuosha ni fupi, nalo ni la lazima. Mboga za sokoni huwezi kujua zimemwagiliwa maji gani. Na mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea katika mikoa mingi. Mtoto anawe mikono kwa sabuni, aoshe majani kwa maji safi mara mbili au tatu mpaka mchanga usionekane chini ya beseni. Aoshe kwanza, akate baadaye. Wengi hukata kwanza kisha huloweka, na zile vitamini zinazoyeyuka majini humwagwa pamoja na maji machafu, kuku wakanywa.

Hesabu nazo zimo humo humo jikoni, tena zile ambazo kitabu hakizifundishi vizuri. Mtoto huona sufuria imejaa majani mpaka yanamwagika, na baada ya muda mfupi imebaki kiasi cha viganja viwili. Mara ya kwanza hushangaa na kudhani yameibiwa. Mara ya tatu aweza kukuambia, "Mama, tuko saba, mafungu mawili hayatatosha." Hiyo ndiyo makadirio. Akikata bamia vipande vilivyo sawa, akigawa nyanya mbili kwa sahani nne, ameishika nusu na robo kwa vidole kabla mwalimu hajaziandika ubaoni.

Na nazi je! Hapa pwani mboga bila nazi ni kama ya mgonjwa. Mtoto wa miaka minane akikalishwa juu ya mbuzi akakuna polepole, bila kufika kwenye kifuu cheusi, atajifunza kuzuia mkono wake. Atakamua tui la kwanza zito aliweke mbali, atie maji kwenye machicha akamue la pili, ndilo litangulie kupikia. Tui zito likiingia, hukoroga bila kuacha mpaka lichemke, la sivyo litakatika, na tui likikatika hakuna maneno yatakayolirudisha. Mtoto aliyezoea kukimbiakimbia hukaa hapo na mwiko wake ametulia kama mzee, maana ajua kitu kitaharibika akigeuka.

Tena desturi hii ya mabibi zetu ina akili ambayo wataalamu wameithibitisha. Katika majani ya kijani yaliyokolea mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ile ile ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kwa matone kliniki, ili macho yao yasiharibike na wapate nguvu ya kushinda maradhi. Kitu hicho hakiyeyuki majini, huyeyuka katika mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi mwili wachukua sehemu ndogo tu ya faida yake. Mchicha uliotiwa tui au karanga za kusaga wachukua nyingi zaidi. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, sitasema ni mboga peke yake. Ila watoto hawa wa leo wanaochambua mchicha ndio watakaokuwa wakilisha watoto wao miaka kumi na mitano ijayo, nao watawalisha kile wanachojua.

Sasa baba, mahali pako ndipo hapa.

Nyumba nyingi kazi hii yote huangukia binti. Arudi shule, achote maji, atafute kuni, achambue mboga, apike, aoshe vyombo, ndipo afungue daftari kwa mwanga wa kibatari huku macho yamejaa usingizi. Nduguye aliyetoka naye shule ile ile saa ile ile yuko uwanjani anacheza mpira. Kisha mwisho wa mwaka twasema binti hana akili. Nikipendekeza mvulana naye aketi mbele ya ungo, nasikia: "Wataka kumfanya mwanangu mwanamke?" Haya, nendeni ufukweni mkaulize. Wavuvi wakienda dago wanampikia nani? Wanajipikia wenyewe, wanaume watupu, wanakuna nazi na kupika samaki kwa ustadi kuliko nyumba nyingi. Na arusini nani husimama juu ya masufuria makubwa ya pilau na mwiko mrefu kama kasia? Ni wanaume wenye ndevu. Kwa hiyo kupika hakumwondolei mtu uanaume baharini wala arusini. Humwondolea jikoni kwake tu? Mimi sielewi hesabu hiyo, na nilipomwuliza yule mvuvi, hata yeye hakuielewa. Alikuwa na miaka mingi ya kupika dago, lakini hakuwahi kuwaonyesha wanawe.

Tuangalie pia upande wa pili. Kumfundisha si kumtumikisha. Mapadre walipofika Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani siku yao iligawanywa kati ya darasa na shamba, na kazi ile ya shamba haikuwa nyepesi. Nyakati zile zilikuwa na taabu zake. Siku hizi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutumikishwa kazi za kumdhuru au za kumkosesha shule. Robo saa au nusu saa ya mboga, wewe ukiwa karibu, mkiongea, hiyo ni shule. Mtoto wa miaka tisa akiachiwa jiko la nyumba nzima kila siku, na mama kaenda gengeni, hiyo si shule tena. Mwalimu Nyerere katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisikitika kwamba mtoto hufunzwa kuamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni, akayadharau ya wazee wake. Hakusema vitabu vitupwe. Vyote viwili vyatakiwa.

Wengi huogopa kisu. Mtoto wa miaka minne au mitano asipewe kisu, avunje majani kwa mikono. Wa sita au saba aweza kupewa kisu kidogo akakata vitu laini, kama bamia, juu ya kibao, wala si hewani kama tufanyavyo sisi wakubwa. Na kisu kiwe kimenolewa. Kisu butu ndicho huteleza, kwa kuwa hulazimisha mkono kukaza nguvu. Moto uachwe mpaka awe mkubwa zaidi, na hata hapo sufuria inayochemka ateremshe mtu mzima.

Mama mmoja wa Miono aliniuliza Jumapili iliyopita mtoto wake wa miaka mitatu na nusu, anayelia kila mara kaka zake wakikaa kwenye ungo, apewe kazi gani. Mpe kunde mbichi zilizo katika maganda yake, mama, na bakuli mbili. Mwonyeshe mara moja jinsi ya kupasua ganda kwa kidole gumba. Punje nyingi zitaanguka chini, usimsaidie kuziokota, ataokota mwenyewe, na hapo utapata muda wa kutosha kuondoa nyuzi za majani ya maboga. Akimaliza, maganda ayapeleke kwa mbuzi.